Ramani ya Ziwa Ni Mali ya Watu wa Milimani Pia

(Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo ambayo mwandishi wetu aliyatoa mjini Kasulu mbele ya walimu na watumishi wa umma wa wilaya za Kasulu na Kibondo.)



Nilipoombwa kuja kuzungumza nanyi nilipewa uhuru wa kuchagua mada. Nilipoitaja, yaani ramani za majini na namna ya kuzitunza wakati vyombo na mahitaji ya watu vinabadilika, ndugu mmoja alitabasamu akaniuliza: "Huku kwetu ni milimani. Tunalima maharage, mahindi na mihogo. Ramani ya kina cha ziwa itatufaa nini sisi wa Kasulu, na itawafaa nini ndugu zetu wa Kibondo, ambao ziwa hawalioni hata wakipanda kilima?"

Swali hilo ni la haki, na mazungumzo yangu yote ya leo ni jitihada ya kulijibu. Naomba nianze na majibu matatu mafupi, kisha niyaeleze.

Jibu la kwanza ni kwamba mazao ya huku huteremka ziwani. Gunia la maharage linalopakiwa hapa sokoni halikomei Kigoma mjini. Mara nyingi huvuka maji kwenda Kongo au Burundi, na bei anayolipwa mkulima imekwisha kukatwa gharama na hatari za safari hiyo ya majini. Jibu la pili ni kwamba matukio ya ziwani hupanda hadi huku. Kambi ya Nyarugusu, iliyo katika wilaya hii ya Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliolivuka ziwa wakikimbia vita vya Kongo. Jibu la tatu ni la udongo. Mto Malagarasi huanzia katika milima ya mpaka wetu na Burundi, ukazunguka kwa mbali kupitia mabonde na mabwawa ya Muyovosi, kisha ukarudi magharibi kupitia Uvinza hadi ziwani. Mto Luiche nao hukusanya maji ya miinuko iliyo kati yetu na Kigoma na kuyamwaga kusini ya Ujiji. Udongo unaomomonyoka katika mashamba ya milimani hauishii bondeni. Hufika ziwani, ukatua chini ya maji, na pale palipokuwa na kina pakawa na fungu la mchanga. Kwa hiyo ramani ya ziwa inabadilishwa pia na jembe la mkulima wa mlimani, ingawa mkulima mwenyewe hajui.

Ndugu Mwenyekiti, hebu tuelewane kwanza juu ya kitu chenyewe. Ramani ya nchi kavu humwonyesha mtu kile ambacho angeweza kukiona kwa macho yake kama angefika mahali penyewe. Ramani ya majini humwonyesha nahodha kile ambacho hawezi kukiona hata akiwa juu yake. Mwamba uliozama pima mbili chini ya maji hauonekani usiku, wala hauonekani mchana maji yakichafuka. Mwalimu akikosea njia kwa sababu ya ramani mbovu atauliza kwa mwenyeji na kurudi. Nahodha akikosea kwa sababu hiyo hiyo, atajua kosa lake wakati ubao wa chombo unapopasuka. Ndiyo maana tangu zamani mabaharia wameziheshimu ramani zao, na ndiyo maana ramani ya majini isiyotunzwa ni hatari kuliko kutokuwa na ramani kabisa: asiye na ramani huenda polepole na kwa tahadhari, lakini mwenye ramani ya uongo huenda kwa imani.

Kazi ya kuzitengeneza ilikuwa ya mikono na ya taabu. Mabaharia waliteremsha bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba yenye alama, wakahesabu pima hadi ilipogusa chini, wakaandika. Kisha chombo kikasogea kidogo, wakateremsha tena. Hivyo ndivyo pwani yetu ya Afrika Mashariki ilivyopimwa na manowari za Kiingereza chini ya Kapteni William Owen kati ya mwaka 1822 na 1826. Kati ya tone moja la bildi na jingine hakuna aliyejua kulikuwa na nini. Mchora ramani aliunganisha namba kwa mstari, na mstari huo ulikuwa makisio.

Tusidhani kwamba elimu ya majini ilianza na manowari hizo. Manahodha wa majahazi waliyajua mafungu, miamba na mikondo kwa vizazi vingi, na wapiga kasia wa Ujiji walijua ni ghuba ipi inasitiri chombo wakati pepo za kusini zinapovuma kiangazi. Tofauti ni kwamba elimu yao ilikaa vichwani na mikononi mwao. Mzee alipofariki alifariki na ramani yake. Nitarudi kwenye jambo hilo, kwa maana bado linatuhusu.

Sasa tulitazame ziwa letu wenyewe, maana historia ya ramani zake ina somo kubwa.

Burton na Speke walifika Ujiji mwezi Februari 1858, wakiongozwa na watu waliozijua njia, akiwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao ambaye alizitumikia safari nyingi za namna hiyo na ambaye vitabu vya shule vimekuwa vikimtaja kwa kunong'ona. Baadaye Burton alishikilia kwamba mto Rusizi, ulio upande wa kaskazini, unatoka ziwani. Mwaka 1871 Stanley alikatiza nchi hii ya Buha, akalipa hongo kwa watawala wa Waha mara kadhaa mpaka akaona afadhali kutoroka usiku, akamkuta Livingstone Ujiji. Wawili hao wakapanda mtumbwi hadi kaskazini, wakakuta kwamba Rusizi haitoki ziwani bali huingia. Mstari mmoja kwenye ramani ukageuzwa.

Lakini kisa kilicho bora zaidi ni cha mto Lukuga, upande wa Kongo. Mwaka 1874 Cameron alisema kwamba Lukuga ndiyo njia ya maji ya ziwa kutokea. Mwaka 1876 Stanley alilizunguka ziwa, akafika hapo hapo, akakuta matete na matope yameziba na maji hayatoki kama ilivyosemwa. Miaka michache baadaye Edward Hore, baharia aliyekuwa mmisionari Ujiji, akafika Lukuga akakuta mto unakwenda kwa nguvu. Msomaji wa haraka atasema mmoja wao alikuwa mwongo. Hapakuwa na mwongo. Ziwa lilikuwa likijaa nyuma ya kizuizi cha matope na mimea. Kizuizi kikavunjika mnamo mwaka 1878. Maji yakatoka, na katika miaka iliyofuata uso wa ziwa ukashuka karibu mita 10. Kila mmoja aliandika ukweli wa siku yake.

Fikirini maana ya mita 10, ndugu zangu. Ufuko wa Ujiji ulihama. Mahali wanapoonyeshwa wageni leo kuwa ndipo Stanley alipoonana na Livingstone hapako tena ukingoni mwa maji. Mwamba uliokuwa salama chini ya chombo ukawa hatari, na mwamba uliokuwa hatari ukawa kisiwa. Ramani zote za kabla ya hapo zilikuwa za kweli zilipochorwa, zikawa za uongo bila mtu kuzigusa.

Na ziwa halikuacha kubadilika. Mvua kubwa za mwaka 1961 na 1962 ziliyapandisha maji ya maziwa yetu makuu kwa kiasi kilichowashangaza wazee. Katika miaka hii ya karibuni, hasa 2021 na 2024, Tanganyika imepanda tena, ikaingia katika mitaa ya pwani ya Bujumbura na kuzisumbua bandari za nchi zote zinazolizunguka. Basi somo la kwanza ni hili: taarifa ya majini isiyo na tarehe si taarifa. Anayeandika kwamba mahali fulani pana kina cha mita 4, bila kusema ni lini na uso wa ziwa ulikuwa kiasi gani siku hiyo, ameandika namba tu.

Somo la pili ni la vipimo. Ramani za zamani zilihesabu kina kwa pima na futi. Pima moja ya Kiingereza ni futi 6, yaani mita 1.83. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 Waingereza, ambao ndio wachapishaji wa ramani nyingi za pwani ya Tanzania, walianza kuzigeuza ramani zao ziwe za mita. Kwa miaka mingi zile za pima na zile za mita zikawa zinatumika pamoja. Kijana aliyefundishwa mita akisoma 4 kwenye ramani ya pima, atadhani ana mita 4 na kumbe ana zaidi ya 7, hilo halimdhuru. Lakini mzee wa pima akisoma 4 kwenye ramani ya mita, atadhani ana zaidi ya mita 7 na kumbe ana 4 tu. Huyo ndiye anayepanda mwamba.

Liko kosa la namna hiyo ambalo linawahusu ninyi watumishi wa nchi kavu moja kwa moja. Ramani zetu za mizani ya 1:50,000, zile ambazo ofisi za wilaya zimekuwa zikizitumia kwa miaka, zilifungwa kwenye msingi wa upimaji unaoitwa Arc 1960. Simu zenu za mkononi, zinaposoma mahali mlipo kutoka kwenye setilaiti, hutumia msingi mwingine wa dunia nzima. Kati ya misingi hiyo miwili, katika nchi yetu, mahali pale pale huachana kwa yapata mita 300. Kwenye karatasi hizo ni milimita 6, upana wa kalamu ya risasi. Shambani ni shule nzima pamoja na uwanja wake wa mpira. Ziwani ni tofauti kati ya maji marefu na mwamba. Afisa anayechukua namba kutoka kwenye simu na kuziweka juu ya karatasi ya zamani bila kuzigeuza hafanyi hila wala uzembe, hajaambiwa tu. Lakini madhara ni yale yale.

Ndugu Mwenyekiti, naomba sasa niseme juu ya watumiaji, kwa sababu hapo ndipo mambo yamebadilika kuliko kwenye vyombo.

Zamani mtumiaji wa ramani ya majini alikuwa mmoja: nahodha wa meli kubwa. Katika ziwa letu alikuwa nahodha wa Liemba. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande kwa bahari na kwa reli, ikaunganishwa Kigoma na kuteremshwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe, ikaibuliwa na Waingereza mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina tulilolizoea. Mtu aliyeizoea njia yake ya Kigoma hadi Mpulungu alihitaji mambo machache: vituo vyake, miamba ya njiani, na mahali pa kutia nanga. Ziwa lina kina cha mita 1,470 pale penye kina kirefu zaidi, la pili duniani baada ya Baikal, na sehemu nyingi za ufuko zinateremka ghafla kama ukuta. Nahodha akikaa mbali na ufuko alikuwa salama.

Hebu sasa mkumbuke mwezi Mei 2015. Makumi ya maelfu ya Warundi walikimbia nchi yao, wakajaa katika kijiji cha Kagunga, kilicho ukingoni mwa ziwa chini ya milima, mpakani. Barabara ya kuwatoa haikuwapo. Njia zilikuwa mbili: kupanda mlima kwa miguu, au maji. Kipindupindu kikaingia, na watu wapatao 30 walikufa katika siku chache. Liemba ilitumwa kuwachukua, watu wapatao 600 kwa safari moja, lakini haikuweza kufika ufukoni. Wazee, wajawazito na watoto walipakiwa katika boti ndogo, wakapelekwa hadi kwenye meli, wakapandishwa juu. Kutoka hapo Kigoma, uwanja wa mpira, kisha mabasi, kisha Nyarugusu. Baadaye mwaka huo Nduta ilifunguliwa tena huko Kibondo, na mwanzoni mwa 2016 Mtendeli huko Kakonko. Wengi kati yenu mliwapokea watu hao, mkawaandikisha na kuwafundisha watoto wao.

Katika siku zile watumiaji wa taarifa za ziwa hawakuwa nahodha peke yake. Daktari alitaka kujua maji ya kunywa yachotwe wapi, mbali na uchafu wa ufuko. Afisa wa serikali alitaka kujua ni ufuko gani mwingine ungeweza kupokea boti. Mwenye boti ya mbao, ambaye kwa kawaida hubeba dagaa na mizigo ya sokoni, ghafla akawa mwokoaji wa watu. Maswali yote hayo ni ya ziwa moja, lakini hayajibiwi na karatasi moja iliyochorwa kwa ajili ya meli moja. Ukiongeza hapo mvuvi anayetaka kujua mazalio ya samaki yaliyohifadhiwa, mhandisi wa gati, mtaalamu wa mazingira anayepima udongo unaoletwa na mito, na mwalimu anayefundisha jiografia, utaona kwamba yule mteja mmoja wa zamani amekuwa umma mzima.

Tufanyeje basi? Tuchore ramani kumi? Mataifa yaliyotangulia katika kazi hii yalijaribu njia hiyo yakaona haifai. Ofisi moja ikishika karatasi kumi za mahali pamoja, mwamba mpya ukigunduliwa lazima uchorwe mara kumi. Utasahaulika kwenye mbili, na hizo mbili ndizo zitakazomfikia mtu. Kwa hiyo fikra ikageuzwa. Kinachotunzwa si karatasi tena. Kinachotunzwa ni ghala moja la taarifa, kila kina na kila mwamba na kila taa vikiandikwa mara moja tu, pamoja na tarehe, jina la aliyepima na njia aliyoitumia. Kutoka katika ghala hilo ndipo hutolewa karatasi kwa anayetaka karatasi, ramani ya kompyuta kwa mwenye meli, na orodha kwa mhandisi. Kosa likisahihishwa ghalani, limesahihishwa kote.

Hayo si ndoto. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa watu baharini unazitaka serikali zihakikishe kwamba maji yao yanapimwa na taarifa zake zinachapishwa na kusahihishwa. Kati ya mwaka 2012 na 2018 meli nyingi kubwa za safari za kimataifa zililazimishwa hatua kwa hatua kuwa na chombo cha kuonyesha ramani kwa kompyuta. Uingereza, ambayo ofisi yake ya ramani za bahari ilianzishwa mwaka 1795, ilitangaza mwaka 2022 nia ya kuacha kuchapa ramani za karatasi, kisha ikalazimika kuisogeza mbele tarehe yake kwa sababu watumiaji wengi walikuwa hawajawa tayari. Naomba mlitie moyoni jambo hilo la mwisho. Hata matajiri wa kazi hii walijifunza kwamba chombo kipya kikikimbia kuliko mtumiaji, hasara ni ya mtumiaji.

Na sisi tuna sababu zaidi ya kuwa waangalifu. Chombo kipya kinaweza kuvalisha ujinga wa zamani nguo mpya. Kipimo cha bildi cha miaka mia moja iliyopita kikiingizwa katika kompyuta hakiwi kipya; kinapata rangi nzuri tu. Kwenye karatasi, mchoraji alikuwa na mipaka: msomaji aliona namba chache katika eneo kubwa jeupe, akajua kwamba hapo hapajapimwa. Kwenye kioo, kijana anaweza kulikuza eneo hilo mpaka mwamba mmoja ukajaa kioo kizima, akadhani kwamba kwa kukuza ameongeza elimu. Hajaongeza kitu. Wenye busara wameweka dawa: kila eneo la ramani ya kompyuta ya majini hupewa daraja la kuaminika, kutoka lile lililopimwa kikamilifu kwa vyombo vya kisasa hadi lile ambalo halijakaguliwa. Nahodha aliyefundishwa hulitazama daraja hilo kwanza. Asiyefundishwa hutazama rangi.

Simu mkononi nayo humwonyesha mvuvi wetu ziwa kama kitambaa cha buluu kisicho na kina, bila mwamba wala fungu. Humwambia alipo, haimwambii aliyo juu yake. Ni msaada mkubwa, lakini ni nusu ya msaada, na hatari ya nusu ya msaada ni pale mtu anapoudhania kuwa ni wote.

Naomba niwape ushahidi wangu mwenyewe. Miaka michache iliyopita, nikiandika makala juu ya usafiri wa majini, niliingia katika ofisi moja ambayo sitaitaja, nikaomba kujua kina cha maji katika ghuba fulani. Nilipokewa kwa ukarimu. Nikaletewa karatasi tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kikoloni, imeliwa na mchwa pembeni, na pembe iliyoliwa ndiyo iliyokuwa na tarehe na kipimo. Ya pili ilikuwa nakala ya nakala, ambayo mtu alikuwa ameongeza namba kwa kalamu ya wino mwekundu bila kuweka jina lake. Ya tatu ilitolewa kwenye kompyuta, safi na ya kupendeza, na mradi ulioitengeneza ulikuwa umekwisha, wataalamu wake wamekwenda kwao pamoja na vipimo vya asili. Karatasi tatu hazikukubaliana. Nilimwuliza mzee mmoja mhudumu, ambaye ujana wake aliutumia melini, ipi ni ya kweli. Akacheka akasema: "Ile nyekundu. Aliyeandika namjua. Lakini amekwisha kufa."

Ndugu zangu, mtu yule aliacha elimu ya kweli, ikakosa thamani kwa kukosa sahihi na tarehe. Nilitoka pale nikiwa na huzuni. Hatukuwa maskini wa taarifa. Tulikuwa nayo, tukashindwa kuitunza.

Najua mnafikiri nini sasa, kwa sababu ugonjwa huo mnao ofisini mwenu. Vijiji vya nyanda hizi vilihamishwa katika miaka ya 1970, na ziko karatasi ambazo bado zinaonyesha makazi ya kale kama kwamba moshi bado unafuka hapo. Mwaka 2012 Buhigwe ilitengwa na Kasulu, na Kakonko ikatengwa na Kibondo. Ni takwimu ngapi mpaka leo zinalinganisha Kibondo ya kabla na Kibondo ya baada kana kwamba ni wilaya ile ile? Mwalimu mkuu hupeleka idadi ya watoto kwa karatasi mpaka ofisi moja, kwa simu mpaka ofisi ya pili, na kwa kompyuta mpaka ya tatu, na mwisho wa mwaka zinakuwa idadi tatu. Tofauti na ziwani ni moja tu: nchi kavu kosa halizamishi chombo mara moja. Hulizamisha taratibu, kwa shule isiyopata madawati na zahanati isiyopata dawa.

Basi niseme kile ambacho nadhani kinafaa kufanywa.

Kwanza, tujenge desturi ya kuandika tarehe, jina na njia ya kupimia katika kila taarifa tunayoitoa, iwe ya kina cha maji au ya chanzo cha maji kijijini. Desturi hiyo haihitaji fedha za kigeni. Inahitaji kalamu.

Pili, kila aina ya taarifa iwe na mtunzaji mmoja anayejulikana, na watumiaji wote wajue njia ya kumpelekea masahihisho. Mabaharia wa dunia wana utaratibu wa matangazo ya kila wiki: anayeona taa imezimika au fungu jipya limetokea hutoa habari, habari huchunguzwa, hutangazwa, na kila nahodha husahihisha ramani yake. Mvuvi wa Kibirizi aliyegonga kitu chini ya maji ana habari yenye thamani kuliko safari ya mtaalamu. Lakini ampe nani? Mpaka swali hilo lipate jibu rahisi, elimu ya wavuvi wetu itaendelea kufa na wenyewe, kama ya wapiga kasia wa Ujiji.

Tatu, tusitupe cha zamani tunapopata kipya. Ni vipimo vya zamani vinavyotuwezesha kujua ziwa limepanda kiasi gani na mto umeleta udongo kiasi gani. Karatasi ya kikoloni si ya kuabudiwa, wala si ya kuachiwa mchwa.

Nne, ziwa ni la nchi nne, Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, na maji hayana habari na mpaka. Mkataba wa pamoja ulitiwa sahihi Dar es Salaam mwaka 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao Bujumbura ikaundwa kuusimamia. Vipimo vya kina na vya uso wa maji vinastahili kuwa miongoni mwa mambo ya kwanza ya kushirikiana, kwa sababu mwamba hauulizi bendera.

Tano, na hili nawaambia walimu: mtaalamu wa kupima maji wa mwaka 2045 yuko darasani kwenu leo, huenda hapa Kasulu, huenda Kibondo, na hajawahi kuiona meli. Vijana wa Dar es Salaam walipoanza mwaka 2015 kuchora wenyewe mitaa inayofurika, katika kazi iliyoitwa Ramani Huria, walionyesha kwamba mtumiaji wa ramani anaweza pia kuwa mtengenezaji wake. Mwanafunzi wa huku anaweza kupima mvua kila asubuhi, akaandika rangi na kimo cha maji ya kijito baada ya mvua, akaweka tarehe na jina. Daftari hilo likitunzwa miaka 10, litamweleza mhandisi wa bandari ya Kigoma jambo ambalo setilaiti haitamweleza: ni mlima upi ulioteremka.

Yupo atakayesema kwamba haya ni anasa. Kwamba vijiji havina maji, na mimi nazungumza juu ya ramani za ziwa. Ndugu zangu, nimelifikiria hoja hiyo kwa muda mrefu, kwa sababu ni ya watu wenye uchungu. Lakini kisima kinachochimbwa mahali pasipo na maji, kwa sababu taarifa ya kisima kilichoshindwa mwaka wa nyuma ilipotea, hugharimu kijiji mara mbili. Maskini ndiye asiyeweza kumudu kulipia elimu ile ile mara mbili. Tajiri akipoteza kipimo hutuma meli ikapime tena. Sisi tukikipoteza tunamsubiri mfadhili aje atuuzie kile tulichokuwa nacho.

Kwa hiyo nimjibu yule ndugu aliyeniuliza. Ramani ya ziwa itakufaa kwa kuwa gunia lako linapita juu yake, kwa kuwa wageni wako wamekuja kwa njia yake, na kwa kuwa udongo wa shamba lako unaichora upya kila masika. Sikuombi uende kuteremsha bildi. Nakuomba kesho asubuhi, utakapofungua daftari la ofisi au la darasa, uandike tarehe, uandike na jina lako, ili atakayelifungua baada yako asilazimike kumtafuta mzee wa kumuuliza.